Njegere za uani hazikuokolei hela

Siku hizi kila nikifungua simu kuna mtu ananionyesha magunia ya mboga yaliyopangwa kando ya uzio na kuniahidi kwamba nitaisahau njia ya sokoni. Kwa mboga za majani kama nakati na doodo sina ugomvi naye. Ugomvi unaanza pale anapotia njegere kwenye orodha hiyo.

Msimu uliopita nilipanda mstari wa mita tatu nyuma ya jiko, hapa kwetu upande wa Gayaza, nje kidogo ya Kampala. Nilichuma mara tano. Maganda yalijaa karai, lakini njegere zenyewe, zikishamenywa, hazikujaza tumpeko mbili, vile vikombe vya plastiki. Ukipiga hesabu ya mbegu, maji na mgongo wangu, utasema ni afadhali ningepanda boda hadi soko la Kalerwe nikanunua, na sitabisha.

Ila nilichokula mimi, Kalerwe hawakiuzi. Njegere ikishachumwa bado inapumua, na chakula chake ni sukari yake yenyewe. Nyingine inaichoma, nyingine inaigeuza wanga, na joto linaharakisha yote mawili. Sasa zichukue zilizochumwa kwenye vilima vya Kabale, zifunge kwenye magunia, zisafirishe zaidi ya kilomita 400, kisha zikae juani kwenye sinia zikinyunyiziwa maji ili zing'ae. Mama anayeziuza simlaumu hata kidogo. Utamu ulishaisha kabla lori halijafika Masaka. Kwa hiyo ukinishauri nipande njegere ili nibane matumizi, unanidanganya. Ukiniambia nizipande kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuzila zikiwa tamu, hapo tunaelewana.

Mbegu za kwanza nilipewa na mama mkwe. Yeye ni wa Kigezi, upande huohuo wa Kabale, ambako hizi ni obushaza, chakula cha nyumbani kabisa, na Kiswahili chake alikiokota kwenye biashara ya mpakani, Katuna. Alifungua fundo la kitambaa, akanihesabia mbegu kwenye kiganja, kisha akanitazama.

"Mkwe wangu, huko Kampala baridi utaitoa wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko kama 1,200. Njegere inastawi vizuri kwenye nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, na joto likizidi 27 wakati wa kuchanua, maua yanapukutika. Mimi kwa ujuaji nilipanda Desemba, kwa kuwa nilikuwa likizo. Januari ikafika na jua lake, nikawa naokota maua chini kila asubuhi.

Nilikuwa nimekosea na jambo la pili: mbolea ya kuku, ndoo nzima. Mmea ulipanda juu, majani mapana, kijani cha kujivunia, na majirani wakanisifu. Maganda yalikuwa manne. Njegere ina bakteria wake kwenye mizizi wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, na ukiimwagia naitrojeni ya bure inalewa majani na kusahau kuzaa. Nilipong'oa ule mmea nikakuta vinundu vya mizizi, ambamo bakteria hao hukaa, ni vichache mno. Ule wa msimu wa pili, uliopata majivu kidogo na mboji ya zamani, ulikuwa na vinundu vingi kama ushanga, na nilipokipasua kimoja kwa ukucha ndani kilikuwa cha waridi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inafanyika.

Basi safari ya pili nilipanda mwanzoni mwa Septemba, mvua zikianza, mahali ambapo ukuta unaleta kivuli kuanzia saa nane mchana. Kina ni pingili mbili za kidole, na nafasi kati ya mbegu na mbegu ni upana wa vidole vitatu. Nyasi kavu nikatandaza juu ili udongo usipate moto. Za kutambalia nikachomeka fito za muhogo, maana ndizo zilizokuwa karibu. Usifanye hivyo. Zilichipua zote, na sasa nina shamba la muhogo ambalo sikulipanga.

Nusu ya mstari ilikuwa ya mama mkwe, mbegu za duara, laini. Nusu nyingine nilinunua za pakiti, zilizojikunja kama uso wa mzee na kupakwa dawa nyekundu (hizo usimwachie mtoto achezee). Kujikunja huko kuna maana. Mbegu ya aina hiyo inashindwa kutengeneza wanga kikamilifu, sukari inabaki nyingi, inavuta maji mengi, na ikikauka inanywea. Mtawa Gregor Mendel kule Brno, katika Chekia ya leo, alichanganya aina hizo mbili ili kuchunguza urithi, kisha akazihesabu mbegu za kizazi cha pili cha njegere hizo chotara: 5,474 za duara, 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Aliyachapisha hayo mwaka 1866. Mimi nilihesabu zilizoota tu. Za mama mkwe ziliota karibu zote. Za pakiti, mvua ya wiki ile iliozesha kama theluthi.

Kuhusu kuchuma nina ukali kidogo. Maji yatangulie jikoni, ndipo uende bustanini. Shika shina kwa mkono mmoja, ganda kwa mwingine, la sivyo utaung'oa mmea wote. Chuma kila baada ya siku mbili, ganda likiwa limejaa na bado linang'aa. Likianza kupauka umechelewa, na mmea ukiona mbegu zake zimekomaa unaacha kuchanua. Dakika tatu kwenye maji yanayochemka zinatosha. Mwishoni mwa Novemba ugonjwa wa ubwiri unga ulitanda kwenye majani kama mtu kamwaga unga wa muhogo, nikaing'oa yote bila kinyongo.

Za mbegu nimeziweka kwenye chupa mbili, kila aina na yake, na majivu juu dhidi ya fukusi. Njegere hujichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka, kwa hiyo hata zilizoota bega kwa bega ni nadra kuchanganyika. Juzi mama mkwe alipiga simu kuuliza kama obushaza zake zilikubali huku. Nikamwambia, "Mama, zilikubali, na tumekula tamu sana." Tamu zipi, hakuuliza.