Jiko Moja, Wakurugenzi Mtaa Mzima

Ukitaka kujua mtaa wako una wataalamu wangapi, wewe shusha kitu kibovu kwenye bajaji saa kumi jioni. Mimi hapa Ilomba, Mbeya, nilishusha jiko la kuchomea nyama. La mkaa, la duara, lina mfuniko wake, miguu mitatu na tairi moja. Tairi la pili muuzaji alisema halikuwahi kuwepo, akayasema hayo huku anaangalia mlima Loleza. Kabla sijamlipa dereva nauli yake nilikuwa nimeshaarifiwa, na watu ambao sikuwauliza, kwamba nimenunua dishi, kwamba nimenunua mtambo wa gongo na mjumbe atanifuata, na kwamba kwa vyovyote vile nimepigwa.

Nimepigwaje kwa Sh 30,000? Jiko jipya la namna ile, lenye upana wa sentimita 57, ukiliulizia bei muuzaji anakuangalia viatu kwanza ndipo ajibu. Hili nililitoa Forest Mpya kwa bosi mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma. Lilikuwa nyuma ya banda la kuku, mvua zimelipitia, na mvua za huku zinaanza Novemba, Aprili bado zinakusalimia. Aliyelitumia mara ya mwisho alichoma, akala, akaenda kulala, majivu akayaacha humo humo. Majivu yana chumvi, yananyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, kwa hiyo kitako kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Bosi mzima, una mshahara, una gari, kumwaga majivu kumekushinda!

Mama watoto hakusema kitu. Alilizunguka, akalifunua, akalifunika, akaingia ndani. Usiku ndipo akauliza, "La nini?"

Nikampa sayansi. Nikamwambia Mbeya tupo mita kama 1,700 juu ya bahari, maji hapa yanachemka kwenye digrii 94 hivi, hayafiki 100, ndiyo maana maharage yako yanakaa jikoni tangu ibada ya kwanza mpaka ya pili. Mkaa haujui habari za mwinuko. Nyama juu ya makaa inaiva hapa sawasawa na Dar es Salaam.

"Kwa hiyo umenunua jiko la nyama kwa sababu ya maharage," akasema, akageukia ukutani.

Kesho yake nikaanza kazi, na wakurugenzi wakaanza kikao. Nikajaribu kuwaelimisha kwamba hiki ni chombo chenye ukoo. Mwaka 1952 kule Chicago, George Stephen, fundi wa kiwanda cha Weber Brothers Metal Works, alichoka kuchomea kwenye jiko la wazi, upepo unamwagia majivu kwenye nyama. Kiwandani kwao walikuwa wanatengeneza maboya ya chuma ya majini. Akachukua boya, akalikata nusu, chini likawa jiko na juu likawa mfuniko, akaweka matundu ya hewa. Ukiyafungua mkaa unachachamaa, ukiyaziba unasinzia. Hakuna kupepea na kipande cha boksi mpaka bega linatoka.

Jirani yangu akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema, "Kwa hiyo mzee umenunua boya, na Mbeya hatuna bahari."

Nikamjibu kwamba mkoa wetu una Ziwa Nyasa. Akasema basi nilipeleke Matema, ufukweni huko.

Sasa tuje kwenye siki. Wavu wa zamani ulikuwa mwekundu kwa kutu, na kutu ukiiloweka kwenye siki usiku kucha asidi inailegeza, asubuhi unaikwangua kwa brashi ya waya inatoka. Muuza duka nilipomwagiza chupa zote alizonazo akataka kujua hiyo kachumbari ni ya watu wangapi. Nikamwambia ni ya jiko. Siku hizi nikipita pale ananisalimia kwa sauti ya upole mno, ile ya kumsalimia mtu aliyetoka wodini.

Halafu likazuka jambo la beseni. Wavu wa duara unaingia kwenye chombo gani kama si beseni? Na beseni lilikuwa limekaa tu nyuma ya nyumba, halina nguo, halina maji, halina mtu. Asubuhi nasikia, "Nani ametia siki na matope kwenye beseni la nguo za mtoto?" Matope! Ile ni kutu, mama, kemia hiyo. Mtoto alikwenda shule na shati linanukia chipsi, na mwalimu hajalalamika, lakini kwetu kesi bado inatajwa.

Na wavu wenyewe baada ya kukwanguliwa nusu ya vyuma vyake viligeuka njiti. Ikabidi niende kwa fundi wa kuchomelea, karibu na SIDO pale Mwanjelwa. Mafundi wetu wana kipaji, sikatai. Tatizo lao ni dawa moja kwa magonjwa yote.

"Mzee, hili tulipige silva lote, ndani na nje."

"Fundi, ndani kunachomwa nyama."

"Silva haina neno, mzee. Hata mageti tunapiga."

"Nyama yangu haichomwi getini, fundi."

Akanyamaza kidogo, akaleta wazo la pili. Ana kipande cha wavu wa kufugia kuku, unang'aa, anikatie duara anipe kwa bei ya kaka. Sasa huu ndio mtihani. Wavu ule unang'aa kwa sababu umepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye joto la digrii 420 hivi, mkaa uliokolea unapita hapo bila kutoa jasho. Na anayejua ubaya wa zinki kuliko watu wote ni huyo huyo fundi! Akichomelea vyuma vilivyopakwa zinki mahali pasipo na hewa, jioni anatetemeka kwa homa, anatafuta maziwa. Homa anaijua, maziwa anayanunua, halafu mimi nitandike mishkaki juu yake.

Nikamwambia anifanyie kwa nondo laini za milimita 6, chuma kitupu, basi. Akakubali kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Kisha akaokota nyundo ili "anyooshe" kitako. Nilimdaka mkono. Ule weusi unaong'aa kwenye majiko haya si rangi, ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma tanurini, ile ile ya vikombe na sahani za bibi zetu. Ukigonga kinabanduka vipande, na kinapobandukia ndipo kutu inapofungua tawi jipya. Kuchomelea nako hivyo hivyo, moto unaipasua. Tundu la kitako tukaliziba kwa kipande cha bati jeusi, bolti na nati. Fundi akadai nilipie na ushauri, kwa kuwa amekaa na mimi muda mrefu. Ushauri wa nani kwa nani?

Tairi lilipatikana kwenye kigari kibovu cha mtoto. Ni dogo kuliko mwenzake, kwa hiyo jiko linainamia upande wa Uyole. Halianguki. Nimeshawaambia watu halianguki, na bado kila anayepita anakuja kulitingisha.

Kwenye mfuniko ndipo alipoingia shemeji. Huyu ni kaka wa mama watoto, alikuja kututembelea kwa siku chache na begi la miezi. Amefunua mfuniko, ameona magamba meusi yananing'inia kwa ndani, akapiga kelele, "Shemeji, rangi inabanduka! Hii ni saratani!" Mama mkwe akatoka, watoto wakatoka, jirani akaja na kikombe cha chai mkononi. Nikaeleza kwa utulivu kwamba ndani hamna rangi. Yale magamba ni moshi na mafuta ya nyama vilivyogeuka masizi miaka na miaka, yaani bosi wa Forest bado anatudondoshea alichokula. Unasugua kwa brashi ya waya au karatasi ya foili iliyofinyangwa, yanapukutika yote, enameli inabaki. Nilisugua mbele yao. Shemeji akasema yeye alijua ila alikuwa anatupima.

Ikabaki kuukomaza wavu. Chuma kitupu ukikiosha ukakiacha, kesho kina kutu tena, na kwa ukungu wa huku hata jioni hakifiki. Kwa hiyo unaukausha, unaupaka mafuta ya kula kidogo sana, unaufunika juu ya moto mkali mpaka mafuta yatoe moshi na kugandia kwenye chuma kama ngozi. Mafuta gani? Ya alizeti, yaliyopo. Yaliyopo ya nani, ndilo swali nililoulizwa.

"Mafuta ya maandazi unampaka nondo?"

Nilitumia vijiko, jamani! Lakini kwenye maelezo yaliyofika kwa majirani ilikuwa ndoo.

Na mkaa? Nilinunua mkaa mgumu wa Chunya, ule ukiugonga unalia. Ule wa miti laini unarusha cheche, unakuunguza suruali, na kabla hujamaliza kukata vitunguu umekwisha. Binti wa dada yangu, yupo chuo, akanikuta napakua. Akauliza, "Mjomba, hujui kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia? Ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa, na wewe ndiyo kwanza unafufua jiko la mkaa?"

Nikamwambia najua, na nawaunga mkono. Tena gesi ipo ndani, maharage ya mkaza mjomba wako yanaipenda. Mimi nimejiandikisha kwenye ile asilimia 20.

Moto wa kwanza niliuwasha jioni moja ya Julai, na baridi ya Julai ya Mbeya haina adabu, inaingia kwenye blanketi kabla yako. Mama mkwe akatoka amejifunga vitenge viwili na sweta.

"Baba, hilo liingize sebuleni tuote kidogo."

Kwa mama mkwe huwa sijibu mara mbili, lakini hapo nilijibu. "Mama, shikamoo yako ipo pale pale, ila hili haliingii ndani hata likiwa limebaki kaa moja." Mkaa una gesi haina rangi wala harufu, unasinzia ukidhani ni joto limekukolea. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliofunga milango wakalala na jiko, hawakuamka. Mama akanyamaza, akafikiri, kisha akaamuru kiti chake kiletwe nje. Akakaa. Akaweka miguu karibu na ile tairi ndogo. Akaagiza mahindi mawili. Tangu siku hiyo jiko likiwaka mimi naomba nafasi kwake, na nikipewa ni upande wa moshi.

Nyama yenyewe tuliichoma wiki iliyofuata. Kilo mbili za mbuzi, na ndizi za Tukuyu pembeni. Niliwaeleza wote waliokuwepo, na wote walikuwepo, kwamba siri ya jiko hili ni mfuniko: mkaa upande mmoja, nyama upande wa pili, funika, nenda zako. Nani aende zake? Jirani anafunua aone. Shemeji anafunua amwonyeshe jirani. Watoto wanafunua kwa sababu wakubwa wamefunua. Jiko la mfuniko likifunuliwa kila dakika linageuka karai. Shemeji akaanza kupepea na kipande cha boksi, George Stephen wa watu akageuka huko aliko, majivu yakatua juu ya mbuzi, na shemeji akatangaza kwamba jiko lina kasoro, linatoa majivu.

Iliiva lakini. Iliiva vizuri hasa. Mimi nilipata shingo.

Jumapili, baada ya ibada, wakaja wazee wawili wa kamati ya kipaimara cha mtoto wa nyumba ya tatu. Nikadhani wamekuja kuomba jiko, nikakaa sawa ili niombwe. Walikuwa wamekuja kuuliza kama kwenye bajaji linapakiwa likiwa limesimama au limelazwa. Kwenye daftari lao lilikuwa limeshaandikwa, baada ya viti na turubai, kabla ya spika: "jiko la duara."

"Na mkaa anatoa nani?" nikauliza.

Mwenyekiti akafunua ukurasa wa pili, akanionyesha jina langu, na mbele yake: gunia moja.

"Si una jiko, mzee wangu," akasema. "Mwenye jiko hakosi mkaa."

Nikashusha jicho nione wengine wamepangiwa nini. Shemeji naye yumo. Yeye hajapangiwa mchango wowote. Ameandikwa mtaalamu wa jiko.