Maiti Isiyo na Msiba

Waingereza ni watu wapole. Ukimkanyaga mmoja kwenye basi, yeye ndiye anayekuomba radhi. Lakini wape rimoti ya televisheni uone: wanataka mtu auawe, tena kabla chai haijapoa.

Nafanya kazi hapa Uingereza kwenye nyumba ya kulelea wazee, na alasiri wazee wetu hawataki habari wala mpira. Wanataka Midsomer Murders. Tamthilia hiyo ilianza mwaka 1997, na vijiji vyake vya maua na makanisa ya mawe vimeua watu wengi mno hata nashangaa nani bado anakubali kuhamia huko. Bibi mmoja hufuma sweta mtu akinyongwa, wala hakosei fundo.

Huko London ndiyo usiseme. Tamthilia ya mauaji The Mousetrap ya Agatha Christie iko jukwaani tangu Novemba 1952. Korona tu ndiyo iliyoisimamisha mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikarudi. Onyesho likiisha, watazamaji huombwa wasimtaje muuaji wakitoka nje. Sisi tuliolelewa kwenye vibanda vya video, Lufufu akitutafsiria filamu kwa sauti yake ile na benchi zima likimpigia kelele jambazi, siri hiyo tungeitunza wapi?

Kinachonisumbua ni ile maiti. Imelala kwenye zulia, polisi wanaizunguka wakinywa kahawa, na hakuna anayelia. Mjane anahojiwa kesho yake akiwa amevaa hereni. Sioni turubai, sioni jamvi, hakuna wa kuandika daftari la rambirambi. Marehemu hana shangazi! Nadhani ndiyo maana wazee wetu wanaitazama bila hofu: aliyekufa si mtu wa mtu, ni fumbo la kufumbua. Tamthilia ya televisheni Broadchurch ya mwaka 2013 ilijaribu njia nyingine. Mtoto aliuawa na kamera ikakaa na mama yake, ikakaa na mji mzima, mpaka nikasahau kumtafuta muuaji. Hiyo ndiyo pekee niliyoitazama usiku bila kusinzia.

Kwetu hadithi za upelelezi si ngeni. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, na undugu wake na Sherlock Holmes haufichiki. Katalambulla akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Musiba na Willy Gamba wake, kisha Mtobwa na Joram Kiango. Nilizisoma zote zikiwa hazina majalada, kurasa za mwisho zimenyofolewa na msomaji mwenye roho mbaya. Lakini tangu nihamie huku naona hata mabingwa hao hawakuuchimba msiba wetu ipasavyo, na humo ndimo ulimo utajiri.

Hebu fikiria mauaji ya Tanga au Lamu. Mpelelezi anafika alasiri, marehemu kaoshwa, kasaliwa, kazikwa. Chumba kimefagiliwa na majirani wema, nyayo za muuaji zimekanyagwa na mtaa mzima. Mwandishi wa Kiingereza angetupa kalamu hapo, maana kazi yake inategemea maiti inayosubiri mochwari hata wiki mbili. Kwetu, muuaji hana budi kuja matangani, asipokuja ataulizwa. Atabeba jeneza, atamwaga mchanga kaburini, atapika pilau ya hitima. Mpelelezi naye avue viatu, akae mkekani, asikilize nani analia kupita kiasi na nani anauliza habari za shamba kabla ya siku ya tatu. Asihoji mtu waziwazi, maana atafukuzwa na wazee.

Sebule ya Kiingereza ina washukiwa sita. Msiba wa Pwani una mia mbili, na wote wanajuana. Vijana mnaoandika hadithi za kuendelea WhatsApp, mnangoja nini?