Kadi ya picha kwanza, au msingi kwanza?

Anayejenga kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu hupewa ushauri wa aina mbili, na kila upande unashikilia wake. Wapo wanaomwambia amwage fedha kwenye kadi ya picha, maana hiyo ndiyo inayochora gemu, na mengine atayarekebisha mbele ya safari. Wapo wanaomwambia aanze na msingi: ubao mama mzuri wa kubeba vipuri vyote, prosesa yenye nguvu, pawasaplai kubwa ya kugawa umeme, kisha kadi aipandishe daraja siku akijaliwa. Fedha ni ile ile moja, kwa hiyo lazima achague. Nimejenga kwa njia zote mbili, na leo niko upande wa kadi, kwa sharti moja nitakalolieleza. Lakini hoja za watu wa msingi zina uzito kuliko tunavyopenda kukubali.

Tuanze na kazi yenyewe. Ndani ya gemu, prosesa inapiga hesabu za ulimwengu mzima: adui amesimama wapi, risasi inaelekea wapi, mlango umefunguliwa au bado. Kadi ya picha inapokea hesabu hizo na kuzichora, kitone kwa kitone, fremu baada ya fremu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vitone milioni 2 na ushei. Ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7. Ya 3840 kwa 2160, ile tunayoiita 4K, ina milioni 8.3, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kadi ina milisekunde 16.7 za kumaliza kila picha. Ukitaka 144, inabaki na chini ya milisekunde 7. Prosesa haiongezewi mzigo wowote wa maana na ukubwa wa skrini, kwa sababu adui ni wale wale na risasi ni zile zile. Mzigo wote wa vitone unaiangukia kadi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kadi gani, swali langu la kwanza ni: una skrini gani? Kadi inayotosha na kubaki kwenye 1080 inaweza kuhema kwenye 4K ndani ya gemu hilo hilo. Na kwenye 4K, prosesa mbili ambazo bei zao zinatofautiana sana mara nyingi hutoa fremu zinazokaribiana, kwa kuwa zote mbili zinaisubiri kadi imalize kuchora. Aliyenunua prosesa ya bei mbaya na kadi dhaifu amelipia mtu wa kusubiri.

Hapo watu wa msingi huinua mkono, na wana haki. Yapo magemu ambayo prosesa ndiyo inayoamua. Mchezaji wa Counter-Strike 2 au Valorant mwenye skrini ya 1080 inayobadilisha picha mara 240 kwa sekunde anaweza kuwa na kadi nzuri kabisa inayokaa bure, ikisubiri prosesa ipige hesabu za fremu inayofuata. Magemu ya kujenga miji na viwanda, yenye maelfu ya watu na mashine zinazotembea kwa pamoja, nayo huielemea prosesa, na hakuna kadi itakayoyaokoa. Kama hayo ndiyo unayocheza kila siku, ushauri wa kadi kwanza haukufai.

Hoja yao ya pili ni ya muda, na hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Soketi, yaani kiota cha prosesa kwenye ubao mama, aina ya AM4 ya mtengenezaji AMD ilipokea prosesa zake za kwanza za Ryzen mwaka 2017. Miaka mitano baadaye, Aprili 2022, ikatoka Ryzen 7 5800X3D kwa soketi hiyo hiyo. Ilikuwa na megabaiti 96 za keshi ya ngazi ya tatu (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), na ingawa kasi yake ya saa ilikuwa chini kuliko ndugu yake 5800X, iliizidi kwenye magemu mengi, kwa sababu data nyingi ilikaa jirani na prosesa badala ya kufuatwa mbali kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Watu wenye bodi (ubao mama) za miaka ya mwanzo walisasisha BIOS, programu ya ndani ya bodi, wakachomoa prosesa ya zamani, wakaweka mpya, na mashine ikapata uhai wa pili. Hawakununua ubao mama mwingine wala RAM nyingine.

Nauheshimu mfano huo. Lakini tazama upande wa Intel, mshindani wa AMD, kipindi hicho hicho. Aliyenunua bodi nzuri ya soketi ya LGA1151 ya prosesa za kizazi cha saba alikuta mwaka huo huo wa 2017 kizazi cha nane kimekuja na soketi yenye jina lile lile, ila bodi yake haikipokei. LGA1200 ya mwaka 2020 ilihudumia vizazi viwili. LGA1700 ya mwisho wa 2021 ilifika vitatu. Urefu wa maisha ya soketi ni uamuzi wa mtengenezaji, na huwezi kuununua kwa kuchukua bodi ya bei kubwa. Bodi ya kati na bodi ya kifahari zenye soketi moja huzeeka siku moja. Kwa sasa AMD imetangaza kwamba AM5, iliyoanza 2022, itaendelea kupata prosesa mpya hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo anayeujali msingi ana sababu ya kuiangalia hiyo kwanza. Achukue tu bodi ya kawaida yenye mfumo mzuri wa kulisha prosesa umeme, na nafasi za SSD (diski za kasi) anazozihitaji. Kinachozidi hapo kingemfaa zaidi kwenye kadi.

Kuna jambo moja ambalo washauri wa msingi huwa hawalitaji. Ukijenga leo bila kadi, picha itatoka wapi? Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina sehemu ya kuchora picha. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi. Ryzen nyingi za AM5 zinayo, ila ni ndogo, ya kuonyesha kazi za kawaida na magemu mepesi. Anayetaka kweli kusubiri kadi kwa miezi kadhaa atafute zile zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Ryzen 5 8600G ya mwaka 2024, ambayo inacheza magemu mengi kwa mipangilio ya chini. Na ajiulize kwa dhati kama miezi hiyo haitageuka mwaka.

Sasa sharti langu. Kadi kwanza, lakini baada ya pawasaplai.

Niliwahi kuwa na mashine iliyozimika kila nilipofika kwenye vita kubwa. Hakuna ujumbe, hakuna skrini ya buluu. Feni zinasimama, chumba kinakuwa kimya, baada ya sekunde chache inawaka yenyewe. Nikiandika au nikitazama video, inakaa kutwa nzima bila tatizo. Niliilaumu kadi wiki nzima, nikafuta draiva, programu ya kuiendesha kadi, na kuisakinisha upya mara tatu. Mwishowe nikaazima pawasaplai ya rafiki, nikaichomeka huku kasha likiwa wazi na nyaya zikining'inia nje, nikacheza saa nne mfululizo. Haikuzimika.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki: kadi ya kisasa haivuti umeme kwa utulivu. Wastani wake unaweza kuwa wati 250, lakini mlipuko ukijaa kwenye skrini inavuta zaidi ya hapo kwa mkupuo mfupi mno, ambao kipimo cha kawaida hakiuoni. Pawasaplai dhaifu inaona hatari, inajikata. Kiwango cha ATX 3.0 kilichotolewa mwaka 2022 kiliandikwa kwa kulizingatia jambo hilo, na kinataka pawasaplai za kadi kubwa zistahimili mikupuo inayofika mara mbili ya uwezo wake kwa muda huo mfupi. Kwa hiyo usinunue kwa wati zilizoandikwa ubavuni peke yake. Wala alama ya 80 Plus, iwe shaba au dhahabu, isikupe usingizi: inapima ni kiasi gani cha umeme kinachoingia kinatoka kama kazi badala ya joto. Haisemi chochote juu ya ulinzi wa ndani wala ubora wa vipuri vyake. Tafuta majaribio ya watu walioifungua na kuipakia mzigo.

Na nyaya zake usizichanganye na za pawasaplai nyingine, hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa kadi na diski plagi ni za kawaida, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Waya wa modeli nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotarajia 5, na diski yenye picha zako zote ikaungua mara moja. Plagi mpya ndogo ya kadi kubwa nayo isukume mpaka mwisho, pasibaki mwanya. Mwaka 2022 watumiaji wa kadi ya RTX 4090 walionyesha plagi zilizoyeyuka, na nyingi kati ya zilizochunguzwa zilikutwa hazikuingia sawasawa.

Ukishaulinda umeme, rudi kwenye kadi, na hapo usidanganywe na jina. Mwaka 2023 mtengenezaji NVIDIA alitoa kadi ya RTX 4060 Ti yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, na nyingine ya jina hilo hilo yenye 16. Chipu ni moja. Kwenye gemu jepesi hutaona tofauti. Kwenye gemu zito lililowekwa picha za ubora wa juu, yenye 8 inaanza kukwama kwama, au kuta za majumba zinaonekana kama zimepakwa tope kwa sababu picha zake halisi hazikupata nafasi. RAM ya kompyuta unaweza kuiongeza baadaye. Kumbukumbu ya kadi haiongezwi, imechomelewa papo hapo. Nikilazimika kuchagua kati ya kadi yenye kasi kidogo zaidi na yenye kumbukumbu zaidi, mtu anayetaka kukaa nayo miaka minne nitamwambia achukue ya pili.

RAM yenyewe imekuwa mtihani tangu mwishoni mwa 2025, bei zilipopanda kwa kasi baada ya vituo vya data vya akili bandia kumeza sehemu kubwa ya chipu zinazozalishwa. Gigabaiti 32 zingekuwa pendekezo langu, lakini 16 bado zinachezesha magemu mengi, na ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuongeza siku za mbele. Ziwe vipande viwili, si kimoja, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja. Kwenye bodi za nafasi nne huwekwa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP au EXPO, mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi iliyouzwa nayo. RAM ya DDR5, aina ya sasa, iliyouzwa kwa kasi ya 6000 huamka kwenye kasi ya chini, mara nyingi 4800, na inabaki hapo mpaka uiambie vinginevyo. Wapo wanaocheza mwaka mzima bila kujua.

Kwenye SSD sina mengi. Ya SATA, muunganisho wa zamani, inasoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, za NVMe, muunganisho mpya, 3500 hadi 7000 na zaidi, lakini magemu mengi hufunguka kwa tofauti ya sekunde chache tu. Chukua NVMe ya kawaida yenye nafasi kubwa. Kasha liwe na matundu mbele, hewa ipite.

Vipi kuhusu vipuri vilivyotumika? Hapa pande zote mbili zinaweza kukutana, kwa sababu prosesa na bodi ya AM4 iliyotumika huacha fedha nyingi kwa ajili ya kadi. Prosesa hufa kwa nadra. Tahadhari ni kwa Core i7, i9 na baadhi ya i5 za kizazi cha 13 na 14: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa ikiziharibu, ikatoa sasisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisho linazuia uharibifu, haliponyi iliyokwisha kuumia. Kadi iliyotumika naikubali nikiiona ikicheza gemu zito kwa nusu saa mbele ya macho yangu. Pawasaplai iliyotumika sinunui.

Vikishafika vyote, usivifungie ndani ya kasha kwanza. Weka ubao mama juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa bila kuilazimisha, bandua plastiki iliyo chini ya kipozeo kabla ya kukifunga. RAM isukume mpaka usikie imelia tak na kibano kimejifunga chenyewe. Ikiwa imekaa upande mmoja tu, mashine itawaka feni na kukaa kimya, nawe utadhani bodi imekufa. Chomeka kadi, chomeka waya wa skrini kwenye kadi yenyewe na si kwenye ubao mama, kisha gusisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili za kuwashia. DDR5 mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa kujipima huku skrini ikiwa nyeusi. Usizime. Subiri maandishi ya BIOS yatokee, hesabu kama RAM yote inaonekana, na ufanye hivyo mapema, wakati bado una siku za kurudisha kifaa kibovu.