Mpishi aliyeacha nyama na familia isiyoiacha

Mama wa nyumba anapoamua kuacha nyama, huku mume na watoto wakiwa hawajashiba bila hiyo, ubishi unaozuka nadra huanza na afya. Huambiwa anaringa, amefuata mambo ya mitandaoni, au amechoka kuwapikia wenzake. Nadhani mpishi huyu anadhulumiwa, kwa sababu anahukumiwa kwa kile anachokikataa sahanini mwake, ilhali kinachomwelemea hasa ni kupika mara mbili.

Wapenda nyama nao wana hoja zao. Mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na Iddi bila pilau ya nyama kwa wengi ni sikukuu iliyopungua. Aliyekulia mahali ambapo nyama ilinunuliwa mwisho wa mwezi tu hawezi kulaumiwa akiona sufuria ya maharage kila siku ni kurudishwa kwenye dhiki. Nzito zaidi ni hoja ya watoto wachanga. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Nchini Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, pendekezo hilo si la kupuuzwa, na dhamiri ya mama pekee haitoshi kumwondolea mtoto wa mwaka mmoja yai lake.

Tukitoka kwa mtoto huyo, hata hivyo, hoja nyingi zinazobaki ni za mazoea. Mbaazi za nazi kwa mahamri, kisamvu cha karanga, makande, choroko zilizoungwa kwa nazi: hakuna anayeviita vyakula vya kigeni, na wapenda nyama wenyewe huvila kwa furaha. Kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa kupika. Rojo la vitunguu, nyanya na bizari likikaangwa kwanza bila nyama, linaweza kugawanywa: sehemu moja ikaingia choroko, ambazo huiva haraka kuliko maharage makavu, na nyingine ikaingia nyama iliyochemshwa pembeni. Jambo linaloharibu mpango huu kila mara ni ile supu ya nyama inayomiminwa kwenye wali au kwenye maharage ili kuongeza ladha, mpishi akajikuta hana anachoweza kula katika chakula alichokisimamia mchana kutwa.

Wanaomhofia mama mwenyewe kukosa damu hawakosei, lakini husimama njiani. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa mwilini kwa kiasi kidogo kuliko yale ya nyama. Hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba limau lililokamuliwa juu ya mchicha, au kachumbari ya nyanya mbichi pembeni, huongeza ufyonzwaji huo, na kwamba chai inayonywewa pamoja na mlo huupunguza. Katika nyumba nyingi maharage na chai ya rangi hukutana kila jioni. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ambaye hupoteza damu kila mwezi, akiacha nyama na kubakiza kikombe hicho pale pale mezani, amejipunguzia madini hayo mara mbili. Akikisogeza hadi saa moja au mbili baada ya kula, amepata nafuu bila gharama yoyote. Vitamini B12, ambayo mwili nayo huihitaji kutengeneza damu, ni suala jingine, kwa kuwa mimea haitoi kiasi cha kutegemewa. Anayeacha hata mayai na maziwa anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na hapa hakuna ujanja wa jikoni unaosaidia.

Linabaki suala la nani apike nyama. Sioni haki yoyote katika kumtaka asiyeila aendelee kuisafisha, kuikata na kuionja chumvi kwa ajili ya watu wazima wenye mikono yao. Kijana wa miaka 15 anayeweza kupepea jiko la mkaa kwa ajili ya mishikaki ya Jumapili anaweza pia kukaanga nyama yake siku ya Jumanne, madhali rojo liko tayari, na baba yake akasimama naye hapo jikoni.