Mpangaji Akicheka Uani Asubuhi

Yaani mimi nadai malipo ya muda wa ziada tangu mwaka jana, ofisi inaniletea mtu wa kunifundisha furaha.

Ndiyo, furaha. Ijumaa mchana, saa ambayo mtu mwenye akili timamu anawaza atarudije nyumbani, tumekusanywa ukumbini chini ya feni mbili, moja inazunguka, nyingine inaiangalia mwenzake. Akaingia kijana mmoja kavaa suti ya bluu iliyombana na viatu visivyo na soksi. Akatabasamu mpaka tukajisikia vibaya. "Wapendwa, nani leo asubuhi amefurahia kupiga mswaki?" Tukatazamana. Mhasibu akanyoosha mkono. Mhasibu wetu ananyoosha mkono hata ukiuliza nani kafiwa, ilimradi ahisi kuna posho. Posho haikuwepo. Kulikuwa na maji ya chupa ndogo na sambusa moja moja, nayo ukiipasua unakuta hewa na kipande cha kitunguu kilichopotea njia.

Somo lenyewe: furaha haipo kwenye mambo makubwa, ipo kwenye vikazi vya kila siku. Kufagia, kufua, kukunja nguo. Akatutolea mfano wa mtawa mmoja wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki Januari 2022 akiwa na miaka 95. Huyo mzee aliwafundisha watu kuosha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, siyo ili vitakate tu ukalale. Sahani unaishika kwa utulivu, unasikia joto la maji mikononi, unapumua, unajua kwamba sasa hivi unaosha sahani. Mzee wa watu simlaumu, mtu hafiki miaka 95 kwa bahati tu. Ila hapo kwenye joto la maji ndipo niliposhtuka. Maji ya moto ya kuoshea vyombo? Kwa mkaa wa nani?

Kisha akaja na Ufini. Ufini inaongoza ile orodha ya dunia ya nchi zenye furaha tangu 2018, na raha yao wenyewe wala siyo ghali: wanaingia kwenye kichumba cha mbao, wanajifungia, wanamwagia maji mawe ya moto, wanatoka jasho pamoja. Inaitwa sauna, na mwaka 2020 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nikamgeukia mwenzangu tunayepanda naye gari la Buza. Sisi saa kumi na moja jioni tunajifungia humo ndani, dirisha halifunguki, tunatoka jasho pamoja na mama mwenye ndoo ya dagaa, konda anatuambia nyuma kweupe wakati nyuma kuna watu wanapumua kwa zamu. Miaka yote hiyo UNESCO hawajapiga hata simu.

Halafu akatugawia tarehe. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la 2012, uliitenga 20 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Furaha, na waliolisukuma jambo hilo ni Bhutan, kanchi ka milimani kanakopima furaha ya wananchi wake badala ya kuhesabu pato la taifa peke yake. Safi sana. Ila Bhutan hawakuwauliza watu wa Dar. Tarehe 20 Machi masika yanabisha hodi. Mvua ikikaza, Msimbazi unafurika, Jangwani hapapitiki, na wewe umekwama upande usio wa kwenu, suruali umekunja, viatu mkononi. Hiyo ndiyo siku tuliyochaguliwa kufurahi.

Tukapewa kazi ya nyumbani, watu wazima wenye watoto sekondari. Kila mmoja achague kazi moja ndogo ya nyumbani, aifanye taratibu, huku akitabasamu na kupumua. Jumatatu tutoe ushuhuda. Bosi wa utumishi akasimama kuongeza kwamba ushuhuda ni lazima. Furaha ya lazima, sasa hiyo sijui iko kifungu gani.

Basi Jumamosi asubuhi mama watoto kaenda kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, vyombo vya usiku vimelala. Nikasema haya. Kwetu mnakujua hata kama hamjafika: vyumba vinatazamana, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja chenye foleni, mita moja ya umeme wa LUKU yenye kesi kumi. Nikatoka na beseni, dodoki, kipande cha sabuni ya mche na sufuria ya ugali ambayo ukoko wake ulikuwa umeganda mpaka unarudisha mwangwi. Kigoda sikukiona. Nikakalia kibao cha mbuzi, meno yameelekea mbele kwa heshima zake. Nikavuta pumzi. Nikatabasamu.

Nawaambia ukweli, kidogo ilianza kunoga. Unamwaga majivu, unasugua kwa mduara, ukoko unaachia kipande kimoja kikubwa kama kifuniko, chini yake sufuria inang'aa. Nikasema kumbe yule mtawa alikuwa na hoja.

Mara mama wa chumba cha mbele akapita na ndoo yake.

"Shemeji, kwema?"

"Kwema tu shemeji."

"Mama watoto yupo?"

"Katoka."

Akaniangalia mimi, akaangalia sufuria, akaniangalia tena mdomo. "Haya." Ndoo akaiacha palepale bombani, inajaa na kumwagika, yeye kaingia ndani. Akarudi na mwenzake wa chumba cha tatu. Wakasimama mlangoni wakijifanya wanachambua mchele, na sinia lenyewe halikuwa na mchele.

"Limbwata hilo," mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Wala. Wa limbwata anaosha huku kanuna, hajui kwa nini anaosha. Huyu anacheka peke yake. Huyu kapata hela."

Nikataka kujibu, nikakumbuka nimeambiwa nipumue. Nikapumua. Kumbe kupumua kule ndiko kulikokamilisha ushahidi, maana mtu wa hela hupumua taratibu. Haikuchukua muda mlango mkubwa ukafunguka, akatoka baba mwenye nyumba, msuli na singlendi, mswaki wa mti kwenye pembe ya mdomo. Mzee huyu huwa hatoki kabla ya saa nne isipokuwa kuna msiba au kuna mpangaji anafunga mizigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatafuna mswaki. "Naona mambo yamekunyookea."

"Mambo gani tena mzee wangu?"

"Unaosha vyombo unacheka."

"Ni mazoezi mzee, nimepewa ofisini."

"Wamelipa?"

"Hapana, wamefundisha."

"Wamefundisha nini?"

"Furaha."

Akatema mate pembeni, polepole, ya mtu anayefikiri. "Furaha ya bure?"

"Ya bure mzee."

"Kijana wangu, mimi napangisha nyumba hii tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu. Mpangaji akicheka uani asubuhi ni mawili: ama kapata hela, ama anahama usiku."

Wale wa sinia wakaitikia, "Kweli baba."

"Sihami mzee."

"Basi ni lile la kwanza." Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia mbele yangu, magoti yakakaribia kugusana juu ya sufuria. Sauti akaishusha, sauti ya baba na mwana. "Unajua, nilikuwa na jambo nashindwa kukwambia. Kila nikikuona umekunja uso, nasema hapana, mtoto wa watu ana mitihani, nimwache. Leo umenipa nguvu. Kodi yako inakaribia kuisha. Kuanzia hapo tutaongeza kidogo. Na hii habari ya miezi sita sita tuiache, utoe ya mwaka."

Dodoki likanitoka mkononi.

"Mzee, mimi sina hela!"

"Mwenye hela hasemi anayo."

"Hii ni sufuria tu naosha!"

"Na unaiosha vizuri. Mwenye mawazo hawezi kusugua mpaka kwenye masikio ya sufuria. Hebu tazama hapo." Akaniinulia sufuria yangu mwenyewe, akaigeuza juani, akawaonyesha wale wanawake, wakakubali kwamba kweli imesuguliwa na mtu asiye na madeni.

Nikaamua ninune. Nikakunja uso wote, hadi masikio. Mama wa chumba cha mbele akasema, "Mwone, sasa anajifanya kanuna!" Na hapo ndipo mtoto wa mangi mwenye duka alipoingia na daftari la madeni kwapani. "Baba amesema amesikia." Amesikia nini? Duka liko ng'ambo ya barabara! Nyuma yake yule kijana wa bodaboda, kaka nitoe basi hata na elfu kumi, nitarudisha jioni, jioni hakusema ya lini. Wa chumba cha tatu akakumbuka kwamba mchango wangu wa umeme uangaliwe upya, kwa sababu mwenye pasi na mwenye redio hawawezi kuchanga sawa na yeye mwenye taa moja. Ana friji! Anauza barafu! Barafu ninanunua mimi!

Hivi jamani. Hebu tuongee kama watu wazima. Nani kasema sisi hatujui kufurahi? Kwenye daladala huko wameandika zamani, raha jipe mwenyewe. Najipa sana. Lakini kazi ndogo ili uifurahie lazima kwanza ikubali kuwa ndogo. Kuoga, kazi ndogo, ila maji yanatoka saa tisa usiku, unaamka kukinga, unajaza madumu, unapiga miayo mpaka asubuhi. Kuwasha taa, kidole kimoja tu, ila kabla yake unaingiza tarakimu 20 za tokeni ya LUKU, gizani, kwa tochi ya simu yenye chaji ya kuomba dua, ukikosea ya kumi na tisa unarudi mwanzo na wapangaji wote wamesimama nyuma yako wanakusomea, kila mmoja kwa kasi yake. Kulipa nauli, sekunde moja, ila konda anaishikilia chenji yako mpaka unashuka, kisha gari linaondoka nayo. Nipumue wapi hapo? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye soksi hata hazivai anakuja kuniambia nisikie joto la maji!

Jumatatu nilitoa ushuhuda. Nikasema nimeosha sufuria na imenipandishia kodi. Wakapiga makofi, wakidhani ni utani. Mhasibu akashuhudia kwamba amepata amani kwa kupiga deki, naye anaishi kwa shemeji yake na kuna dada wa kazi. Malipo ya muda wa ziada, nikauliza. Nikaambiwa hilo ni swali zuri.

Na siyo kwamba sina vya kufurahia, mniulize tu niwaorodheshee. Shati lililopigwa pasi, ile joto yake mgongoni asubuhi ya Juni. Redio Jumapili jioni, mtangazaji anapiga kelele za goli na mimi nimelala chali. Na juu ya vyote, kitumbua. Alfajiri hiyo, pale kona kabla ya kituo, bibi mmoja anageuza vitumbua kwa uma wa waya, pembeni vimekauka vinaita kwichi, katikati laini, iliki inakufuata mpaka kituoni. Unakipuliza huku unakihamisha mkono huu kwenda mkono ule. Hapo usinisemeshe kitu, hata ukiwa unanidai.

Ila navyo vimeanza. Zamani kitumbua kilikuwa kinajaa kiganja, unakula kimoja unakunywa maji. Siku hizi unakiweka kiganjani unaanza kukitafuta. Kikaango ni kilekile, nimekichunguza kwa macho yangu, kina kovu pembeni nalifahamu tangu nahamia. Ina maana unga ndio hauendi mpaka juu. Nikasema hili silinyamazii, nyumba wamepandisha, umeme wananibishia, sasa na hiki?

"Bibi, shikamoo. Mbona vitumbua vimepungua?"

"Marahaba mjukuu wangu. Vimepungua wapi? Vitumbua ni vilevile, mdomo wako ndio umekua."

Watu wa foleni wakacheka, na yule kijana wa bodaboda alikuwemo. Nikachukua vinne. Chenji hakuwa nayo, kasema nipitie kesho.