Mwacheni mpiga ngoma, zungusheni fezi

Kuna ugonjwa umeingia kwenye studio zetu za Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, nao ni kumkatakata mpiga ngoma. Kikundi kinarekodiwa uwanjani kwa maiki tatu nne, na kila traki ukiisikiliza peke yake ni safi. Prodyuza akizifungulia zote kwa pamoja, ngoma kubwa inakonda ghafla, kama mtu anapiga debe tupu. Hapo hapo hukumu inatoka: "Hawa wazee hawashiki taimu." Gridi, ile mistari ya taimu kwenye kompyuta, inafunguliwa, kila pigo linakatwa na kusogezwa kwa mausi mpaka likae kwenye mstari. Kazi ikiisha, ngoma bado imekonda, na sasa haichezeki.

Mimi nasema mara nyingi aliyechelewa ni maiki, mzee wa watu hana kosa. Na uchelewaji wa maiki una dawa yake ya hesabu ambayo haigusi hata pigo moja: unaipeleka traki upande wa masafa (mizunguko ya wimbi kwa sekunde, ambayo kipimo chake ni hezi), unazungusha fezi ya kila wimbi, yaani pale lilipofika kwenye mzunguko wake, kwa kiasi chake, halafu unairudisha ilikotoka.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Kwenye joto letu la nyuzi 25 hivi, sauti hewani inakwenda mita 346 kwa sekunde. Weka maiki moja jirani na ngozi ya ngoma, nyingine mita 3 mbele kwa ajili ya wachezaji wa bugobogobo na majembe yao. Pigo lile lile litaifikia maiki ya pili likiwa limechelewa karibu milisekunde 8.7. Hakuna sikio litakalolalamika hapo. Balaa linakuja ukizijumlisha. Wimbi la hezi 58 hivi linamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 17.3, kwa hiyo kuchelewa 8.7 ni nusu mzunguko: traki moja inapanda wakati nyingine inashuka, na zikiwa na nguvu sawa zinauana kabisa. Mchezo huo unajirudia kwenye hezi 173, tena 288, na kupanda hivyo hivyo kwa hatua za 115. Sasa kifua cha ngoma kubwa ya Kisukuma kinakaa wapi kama si huko chini?

Wapo wanaokimbilia kile kitufe cha miksa chenye duara lililopigwa mstari. Kitufe kile kinapindua wimbi juu chini, basi. Hakichelewishi wala hakiwahishi chochote. Kikikusaidia leo kwa bahati, kesho ukisogeza maiki hatua moja kinakuharibia.

Dawa yenyewe imejengwa juu ya jambo ambalo Mfaransa Joseph Fourier alilitetea katika kazi yake ya mwaka 1822 kuhusu joto: umbo lolote lile unaweza kulijenga kwa kujumlisha mawimbi laini ya masafa mbalimbali. Ukishaigawa traki yako kuwa mawimbi hayo, kila moja linabaki na vitu viwili tu, nguvu yake na fezi yake, yaani lilikuwa limefika wapi kwenye mzunguko wake. Na hapa ndipo ninapopapenda. Kuchelewesha sauti hakugusi nguvu ya wimbi hata moja. Kunagusa fezi peke yake, kwa kanuni fupi kuliko namba ya simu: pembe ni 360 mara masafa mara muda. Chelewesha kwa milisekunde 1, na wimbi la hezi 100 linarudi nyuma nyuzi 36. La hezi 500 linarudi nyuzi 180. La hezi 1,000 linazunguka duara zima na kukaa pale pale lilipokuwa. Ukichora pembe hizo kwenye grafu dhidi ya masafa unapata mstari mnyoofu, na mteremko wa mstari huo ndio muda wenyewe. Ukitaka kuwahisha, unageuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha.

Kwa miaka mingi hesabu hii ilikuwa mzigo. Kipande cha sampuli (vile vipimo vya sauti ambavyo kompyuta inavihifadhi kimoja kimoja) 1,048,576, ambacho kwenye kurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni kama sekunde 22 za ngoma, kikifanyiwa kazi kwa njia ya moja kwa moja kinadai hatua zaidi ya trilioni moja. Mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato inayoshusha kazi hiyo hadi milioni 21 hivi. Ndiyo maana laptopu ya mtumba inaimaliza kabla hujainua kikombe cha chai, na programu za kufanyia hivyo, kama Octave au Python, ni za bure. Anayekuambia lazima ununue kitu ghali anakuuzia kitu.

Najua swali linalokuja: kwa nini nisiburute tu traki nzima kwa mausi, bila kuikata? Jibu la haki ni kwamba kwa maiki zilizo mbali moja na nyingine, buruta. Sampuli moja kwenye 48,000 ni sehemu 20.8 kwa milioni za sekunde moja, na kwa muda huo sauti inasafiri milimita 7 hivi. Mpigaji anayerusha mabega hatulii ndani ya milimita 7. Wataalamu wengi hulikuza jambo hili kupita kiasi. Ila zikiwa maiki mbili juu ya chombo kimoja, au maiki pamoja na waya uliotoka moja kwa moja kwenye gitaa, utakuta muda sahihi umeangukia katikati ya sampuli mbili, na mausi haina pa kushika. Programu nyingine rahisi hujibu kwa kuchukua wastani wa sampuli mbili zinazofuatana. Nusu sampuli umeipata kweli, lakini umeilipia: hezi 12,000 zimeshuka desibeli 3, hezi 16,000 zimeshuka 6. Zile njuga za miguuni zilizokuwa zinametameta zimefunikwa blanketi. Kuzungusha fezi hakuna gharama hiyo, kwa sababu kila wimbi linazidishwa kwa kitu chenye ukubwa wa 1. Nusu sampuli, robo, theluthi, vyote ni sawa kwake, ni pembe tu.

Tahadhari moja inafaa kupewa nafasi. Hesabu hii inakichukulia kipande chako kama duara, mwisho umeshikana na mwanzo. Ukisukuma mbele bila kujiandaa, pigo la mwisho litatokea mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo kuanza, na utadhani kompyuta ina majini. Bandika ukimya mwishoni mwa traki kabla ya kuanza, mrefu kuliko muda unaosogeza, na yamekwisha.

Lakini utajuaje usogeze kiasi gani? Unaweza kupima kwa futi kamba ukagawanya kwa 346, na kwa kazi nyingi inatosha. Njia safi zaidi ni kuziuliza traki zenyewe. Zote mbili zipeleke upande wa masafa, toa fezi za moja kwenye fezi za nyingine huku nguvu zake ukizizidisha, rudisha jibu kwenye upande wa muda, na kilele kitasimama pale ambapo traki hizo zinafanana zaidi. Mwaka 1976 Charles Knapp na Clifford Carter walichapisha mbinu ya kuzipima nguvu hizo kwa mizani tofauti, na mojawapo ya mizani hiyo inazitupa nguvu zote na kubakiza fezi tupu. Kilele kinakuwa chembamba kama sindano hata penye mwangwi wa ukuta. Kasoro yake ni kwamba masafa yenye kelele tupu nayo yanapata kura sawa na yenye ngoma. Huku kwetu kelele hiyo ni upepo wa ziwa, ule wa alasiri unaopiga maiki buf buf buf. Mimi huyaziba masafa ya chini ya hezi 100 wakati wa kupima tu. Hewa haibagui masafa, besi na njuga zinasafiri kwa mwendo mmoja, kwa hiyo muda ulioupima juu palipo safi unautumia hadi chini kulikochafuka.

Na ngoma ina mtego wake. Inajirudia. Kilele cha uongo kinaweza kusimama umbali wa pigo zima, kwa sababu pigo la tatu linafanana na la nne. Usiiache kompyuta itafute popote inapotaka. Kama hakuna maiki iliyokuwa zaidi ya mita 10 kutoka kwenye ngoma, ukweli hauwezi kuzidi milisekunde 29. Ifungie humo humo.

Anayeona haya ni mambo ya kizungu yasiyotuhusu, aangalie ziwani. Sangara wa Victoria wanakadiriwa wingi wao kwa sauti. Watafiti, wakiwamo wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ambayo ina kituo hapa Mwanza, wametumia vyombo vinavyotuma mlio majini na kusikiliza mwangwi. Kwenye maji ya nyuzi 25 sauti inakwenda karibu mita 1,497 kwa sekunde, kwa hiyo samaki aliye mita 60 chini anajibu baada ya milisekunde 80. Wanasayansi Colladon na Sturm walipoupima mwendo huo mwaka 1826 kwenye ziwa la Geneva, kwa kengele iliyozamishwa na mwako wa baruti, walipata 1,435, maana maji yao yalikuwa baridi. Kwenye vyombo vya siku hizi uso wa kifaa umegawanywa vipande vinne. Samaki akiwa pembeni, mwangwi wake unafika kila kipande na fezi tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayosema yuko upande gani. Ni pembe zile zile unazozungusha wewe studio.

Narudi kwa wazee, maana ndio sababu ya kuandika. Ukizungusha fezi kwa mstari mnyoofu, traki nzima inasogea kama ilivyo, kila pengo kati ya pigo na pigo linabaki na ukubwa wake. Ukikatakata kwa gridi, mapengo hayo ndiyo unayoyafuta. Mzee mmoja aliyeambiwa na kijana wa studio kwamba anachelewa alimjibu, "Mwanangu, ngoma ya kuitikia haiwezi kuanza pamoja na ya kuita." Kijana alicheka na kuendelea kukata. Nendeni Bujora, Kisesa, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo mwezi Juni, msimame karibu na wapigaji. Ule ucheleweshaji mdogo ndio unaomfanya mchezaji arushe jembe na kulidaka panapotakiwa. Kuchelewa kwa mtu ni muziki, kuchelewa kwa maiki ni umbali, na kuvitibu viwili hivyo kwa mkasi mmoja ni uvivu.

Sisemi pia kila kitu kilinganishwe. Mtafiti Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio hufuata sauti iliyofika kwanza na kuimeza inayofuata baada ya milisekunde chache kana kwamba ni moja. Maiki ya mbali ukiiweka pembeni kidogo kwenye miksi, upande wa kushoto au wa kulia, kuchelewa kwake kunakupa uwanja, vumbi na watu. Ukiiwahisha mpaka ilingane kabisa na ya karibu, uwanja unapotea. Mimi nalinganisha zile zinazokutana katikati, nyingine naziacha zichelewe.

Wala dawa hii haiponyi vinasa viwili visivyoendeshwa na saa ile ile. Kamera na kinasa cha mkononi vikitofautiana sehemu 20 tu kwa milioni, baada ya saa nzima vimeachana milisekunde 72. Ukilinganisha mwanzo, mwisho utakuwa umeshapotea. Hapo pima mwanzo, pima mwisho, unyooshe traki yote kwanza, ndipo uzungushe.

Kuna hoja nasikia kila mara: "Bosi, mteja anasikilizia kwenye simu, hajali." Simu ndiyo inayokuumbua. Simu nyingi za bei nafuu na zile redio za flashi za bodaboda zina spika moja, kwa hiyo kushoto na kulia kwako kunajumlishwa humo ndani. Mauaji yale ya hezi 173 na 288 ambayo hukuyasikia kwenye hedifoni zako za maana, yanatokea hapo. Na spika ndogo ya namna hiyo haina hezi 58 za kujitetea nazo. Ikipoteza na hizo za juu yake, ngoma imebaki kugonga kuni.

Kwa hiyo mkija na ngoma za kuchanganya, leteni traki mbichi, zisizokatwa. Kabla kikundi hakijaanza, mtu mmoja asimame pale ngoma kubwa ilipo apige kofi kali, kisha apige jingine kikundi kikimaliza, tupate pa kupimia mwanzo na mwisho. Na mwandike kwenye karatasi umbali wa kila maiki kutoka hapo, kwa mita.