Anayevuka Kasumbalesa na diplome yake

Wiki iliyopita, kwenye kilio huko Katuba, hapa Lubumbashi, baba mmoja aliyeitumikia miaka mingi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, alimgeukia kijana aliyekaa karibu nami. "Watu wanatoka China kuja kutafuta pesa chini ya miguu yetu," akasema, "na wewe, umemaliza chuo, unataka kwenda kuchunga magari Durban. Nani amekuloga, mwanangu?" Waliokaa hapo wakaitikia. Kijana akainamisha kichwa, akasema tu, "Ndiyo, baba." Tangu siku hiyo jibu ambalo hakulitoa linanisumbua.

Baba hakusema uongo. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na malori ya shaba hayakauki kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Na Durban kweli wako Wakongo wenye diplome wanaochunga magari na kuishi kwa sarafu wanazopewa na wenye magari, mfukoni wana karatasi ya mwomba hifadhi inayotakiwa kufanywa upya kila mara. Mei 2008, zaidi ya watu 60 waliuawa Afrika Kusini katika fujo za kuwawinda wageni. Mzazi anayekumbuka hayo ana haki ya kuogopa, hasa kama ameuza kiwanja ili mtoto apate nauli.

Lakini mali kuwa chini ya miguu yetu ni jambo moja, na kazi kupatikana ni jambo lingine. Gécamines ya wakati wa baba iliajiri mtu na nyumba yake nzima: shule, hospitali, mfuko wa unga kila mwezi. Mgodi wa leo una lori la tani 100 na dereva mmoja, na kazi nyingi zilizobaki zimepewa kampuni za sutretansi, zinazoufanyia mgodi kazi kwa mkataba. Sheria ya 2017 imewawekea Wakongo biashara hiyo, nami naiunga mkono. Ila imemfaa zaidi mwenye kampuni. Aliyetoka chuoni jana anapewa mkataba wa miezi mitatu, akibahatika.

Asiyebahatika anakutana na yale maneno yanayorudi kwenye kila tangazo: uzoefu wa miaka mitatu, mahali pengine mitano. Miaka hiyo mitatu ataipata wapi? Kijana huyu alisomea umeme. Alifanya staji, yaani mafunzo ya kazini, miezi sita bila mshahara, nauli akipewa na dada yake anayeuza mikate. Alipomaliza akaambiwa kwamba staji haihesabiwi kuwa uzoefu. Nimeishika dosiye yake mkononi. Pembe za bahasha zimelainika kama kitambaa. Ndani mna fotokopi za matokeo zenye mihuri, cheti cha staji ndani ya plastiki, na barua saba za kuomba kazi zilizochapwa sawasawa, mahali pa jina la kampuni pakiwa patupu ili alijaze kwa kalamu afikapo getini. Fotokopi hizo zote ni pesa, na zinatoka kwenye mikate ileile. Mtu akiwa amefanya hivyo miaka miwili, kumwambia kwamba hapendi kwao ni kumwonea.

Tena baba anajua kuliko mimi yaliyotokea 2003. Baada ya miezi na miezi bila mishahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", kwa pesa za Benki ya Dunia. Nyumba nyingi zilizosimama baada ya hapo zilisimamishwa na mama zetu, waliokuwa wamekwisha kuanza kulima na kuuza sokoni. Watoto waliolelewa na mihogo ile walijifunza kutoegemeza nyumba nzima kwenye mlango mmoja. Leo familia ikimtuma mmoja Ndola au Lusaka na kumbakiza mwingine hapa mjini, Ruashi, mimi naona akili ileile ya mama zetu, wala sioni uchawi wowote.

Halafu tujiulize sisi wenyewe tulifikaje hapa. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliwaleta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, hata Rwanda. Babu zetu wengi walikuwa wageni hapa, waliofuata mshahara. Rhodesia hiyo ndiyo Zambia ya leo. Mjukuu akirudi upande ule kutafuta alichokuja kutafuta babu, sioni usaliti uko wapi.

Ninapokubaliana na baba kabisa ni kuhusu kuondoka ovyo. Diplome yetu imeandikwa kwa Kifaransa. Zambia ina taasisi yake ya kuhakiki vyeti vya kigeni, ZAQA, na Afrika Kusini ina SAQA. Inabidi karatasi zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, na mwenyewe aweze kujieleza kwa Kiingereza mbele ya mwajiri. Anayepanda basi kabla ya kuyashughulikia hayo ndiye ninayemwogopea asije akaishia kwenye maegesho, hata kama alikuwa wa kwanza darasani. Pesa ya kiwanja, kama lazima kiuzwe, ianzie kwenye karatasi hizo.

Kijana wa kilioni analijua hilo. Kila jioni anasoma Kiingereza na wenzake wanne huko Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa daftari moja lenye kapa nyekundu wanalopeana zamu. Kinachomzuia sasa kiko hapahapa mjini: tangu amalize masomo anayo hati ya muda tu, diplome yenyewe bado hajapewa na chuo chake. Kila mara akienda kuiulizia anaambiwa arudi wiki ijayo. Jumatatu atakwenda tena, na safari hii nimemwahidi kwamba tutakwenda pamoja.